Risasi ya Mita Mia Mbili na Sabini

Tohe niliyemjeruhi alikuwa umbali wa mita mia mbili na sabini. Namba hiyo naijua kwa sababu niliipima mara tatu kwa kifaa kabla ya kuvuta kifyatulio. Alikuwa dume wa swala huyo, amesimama ubavu kwenye nyasi changa zilizochipua baada ya moto, na upepo ulikuwa kama haupo. Nililenga nyuma ya bega, nikainua shabaha kwa kiasi kile kile ambacho jedwali lililochapishwa kwenye pakiti ya risasi liliniagiza. Mnyama aliruka, akaanguka kwa magoti, akainuka, akaondoka kwa miguu mitatu kuelekea kinamasini. Tulimtafuta siku ile mpaka mwanga ukatuishia, na siku ya pili kutwa nzima. Tulikuta damu kwenye majani mahali panne, kisha matope, kisha maji.

Nilitoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya kama masharti ya leseni yanavyotaka. Aliandika, akaniambia kwa upole kwamba mambo kama hayo hutokea. Nilitoka ofisini kwake Muleba nikiwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kukemewa na sikukemewa.

Aliyenikemea ni baba, na yeye hakupaza sauti. Bunduki ile ilikuwa yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yalipoanza kumsaliti aliomba imilikishwe kwangu, na ili hilo litimie alikaa kwenye mabenchi ya kijiji, ya kata na ya wilaya akiwa na magoti yaliyovimba. Kwenye kikao cha kijiji mtu mmoja aliuliza kwa nini mimi na si kaka zangu wanaoishi nyumbani. Baba alijibu, nami nikiwa nimesimama pale pale: "Huyu ni mtu wa hesabu. Hatapiga ovyo."

Sasa alikuwa amekaa sebuleni nyumbani kwetu, jirani na Rubya, akitafuna buni za kahawa taratibu, na bunduki ikiwa imelala mezani kati yetu.

"Kwa nini ilikwenda chini?" aliuliza.

"Sijui, tata," nilijibu, kwa neno la kwetu la baba.

"Upepo?"

"Haukuwepo wa kutosha."

"Mkono?"

"Sidhani."

Alitema ganda la buni kiganjani, akalitazama. "Leseni yako ya silaha inakwisha mwisho wa mwaka ujao. Ukifika hapo bado hujui, bunduki tutaipeleka polisi wakae nayo wao. Sitaki kufa nikiwa nimemdhamini mtu asiyejua risasi yake inakwenda wapi."

Nilirudi Bukoba na sentensi hiyo. Nilikuwa nimepanga chumba Hamugembe, mahali ambapo dirisha langu liliangalia migomba ya mwenye nyumba, ili niandike tasnifu ya shahada ya uzamili katika hisabati tumizi. Tasnifu ilihusu jinsi joto linavyosafiri ndani ya ukuta wenye tabaka mbili. Kwa miezi saba sikuiongezea hata aya moja. Msimamizi wangu aliandika barua pepe tatu, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Nilikuwa ninasoma mwendo wa risasi, elimu ambayo wataalamu huiita balistiki, na niliisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Kinachonichosha hata sasa ninapokumbuka ni urahisi wa mwanzo wake. Risasi ikitoka mtutuni huanza kuanguka papo hapo, kama jiwe lililoachiwa mkononi; mbio zake haziizuii kuanguka, zinaifanya tu ifike mbali kabla haijaanguka sana. Darubini iliyo juu ya bunduki hurekebishwa ili mtutu uelekee juu kidogo, njia ya risasi ikutane na mstari wa jicho kwenye umbali mmoja uliochaguliwa. Mimi nilikuwa nimechagua mita mia. Zaidi ya hapo unapaswa kujua imeanguka kiasi gani. Mwanafunzi wa kidato cha sita angeelewa hayo kwa jioni moja.

Kisha hewa inaingia. Hewa inaikaba risasi, na ukabaji hubadilika kadiri mwendo unavyopungua. Hewa ya vilima vya Muleba ni nyepesi kuliko ya pwani, na jedwali la pakiti halikusema limetayarishwa wapi. Nikakokotoa upya kwa mwinuko wetu, kwa joto la asubuhi na la mchana, kwa unyevu wa masika. Kila nilipoongeza kipengele jibu lilisogea kwa sentimita moja au mbili, na kila liliposogea nilijiona ninakaribia. Nilijaza madaftari manne. Mwisho wa yote, hesabu yangu safi kabisa ilisema kwamba kwenye mita mia mbili na sabini risasi ile ingepaswa kupiga mahali nilipolenga, ikikosea kwa upana wa vidole viwili. Mguu wa tohe hauko vidole viwili chini ya bega lake.

Nilihitaji kupiga, wala si kukokotoa tu. Hapo ndipo nilipomtafuta mzee mmoja wa Rwamishenye, askari wa wanyamapori mstaafu, mwenye duka dogo la misumari na rangi. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Makka, hivyo kila mtu alimwita Alhaji. Alinisikiliza akiwa amesimama nyuma ya kaunta, akapekua daftari langu la tatu, akalifunga.

"Profesa," alisema, "yule mnyama alisoma hii?"

"Hapana, Alhaji."

"Basi tukapige."

Alinisaidia kupata barua. Mtendaji wa kijiji aliandika, polisi wakapiga mhuri, tukaruhusiwa kulenga shabaha kwa siku tatu za msimu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, huko kwenye rweya, nyika ya nyasi tupu inayoanzia pale migomba inapoishia. Machimbo yalikuwa na ukuta wa mwamba nyuma, na hakuna njia ya watu wala malisho. Siku ya kwanza nilipitia nyumbani, baba akanikabidhi bunduki na risasi kumi na mbili zilizofungwa kwenye kitambaa, kama alivyofanya siku zote.

Tulibandika maboksi yaliyokunjuliwa, kila moja likiwa na duara jeusi la ukubwa wa kisosi. Nilipiga nikiwa nimelala, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Kwenye mita mia, risasi sita zote ziliingia ndani ya kisosi. Alhaji aliguna kwa kuridhika. Tukahamisha boksi hadi mita mia tatu, nikapiga sita nyingine, na nilivuta kila moja kwa utulivu ambao nilikuwa na haki ya kujivunia. Tulipofika kwenye boksi Alhaji alipitisha kidole kwenye matundu.

"Umepiga ngazi," alisema.

Ilikuwa ngazi kweli. Kwa upana matundu hayakuzidi kiganja changu. Kwa kimo yalienea karibu urefu wa rula ya shule, moja juu, mawili chini kabisa, mengine katikati.

"Ni upepo wa ziwa," nilisema.

"Upepo unasukuma pembeni, Profesa. Huu wako unapanda ngazi?"

Nilipaswa kumsikiliza. Badala yake nilifanya jambo ambalo bado linanitia uchungu: niliutafutia upepo wangu sababu ya kupanda ngazi. Nilijiambia kwamba hewa inayotoka ziwani inagonga kilima na kulazimika kwenda juu, kwamba mdomo wa machimbo unaielekeza hivyo, kwamba risasi inainuliwa au kuachwa kulingana na pumzi ya upepo kwa dakika hiyo. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Ndiyo maana ilinila wiki tisa. Nilifunga nyuzi zenye vipande vya mfuko wa plastiki kwenye fito, nikazisimika kwenye mteremko, nikakaa na saa nikiandika pembe. Wachungaji walipita wakaniuliza kama ninapima barabara. Niliwajibu ndiyo, kwa sababu maelezo ya kweli yalikuwa marefu.

Siku ya pili ya kulenga tulikwenda alfajiri, wakati ambapo hata moshi ulisimama wima. Nyuzi zangu zote zilining'inia. Nikapiga sita kwenye mita mia tatu, na ngazi ikajitokeza tena, rula ile ile.

"Sasa upepo umelala," Alhaji alisema, "labda ni mimi ninayepumua."

Sikucheka. Nilikaa juu ya jiwe nikahisi kitu ambacho nadhani wagonjwa huhisi wakiambiwa kwamba kipimo hakionyeshi kitu. Ilikuwa Oktoba. Nilikuwa na siku moja tu ya kibali, na uwindaji ungefungwa Desemba. Nilikuwa nimeshuku jicho langu, bega langu, darubini, skrubu za darubini, mtutu, ziwa na dunia yenyewe. Nilimwambia Alhaji kwamba labda bunduki iende tu polisi, mimi nirudi kwenye ukuta wangu wenye tabaka mbili.

"Rudi," alisema huku akikunja boksi. "Lakini kila kitu umekishuku isipokuwa ulichokuwa unakitia ndani."

"Risasi ni za kiwandani, Alhaji. Zimepimwa."

"Zilipimwa lini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba swali lake ni zuri lakini si la lazima, kwa kuwa pakiti ilitaja kasi. Alitia boksi kwapani akatangulia mbele yangu mpaka barabara ya lami.

Wiki mbili baadaye mama aliteleza shambani akaumia bega, nami nikaenda kumsaidia. Jiko letu liko nje, la mafiga, na kwa desturi ya nyumba yetu mwanamume mzima haingii mle kuulizauliza. Chakula humfuata sebuleni. Sikuwa nimeinua macho mle ndani tangu utotoni. Asubuhi ile mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono umefungwa kitenge, akaniomba nimshushie mbegu za maharage kutoka kwenye uchaga, kile kitanda cha fito kilicho juu ya moto. Kwetu mvua haina mwezi wa kupumzika, na kila kitu kinachoogopa unyevu hupandishwa pale: mbegu, chumvi, viberiti, buni.

Nilipanda kwenye kigoda. Kando ya kapu la maharage palikuwa na kopo la bati lenye kufuli dogo, jeusi kwa masizi.

"Hilo liache," mama alisema. "Ni la baba yako. Ndipo anapoweka risasi zisiingie ubaridi."

Niliweka kiganja juu ya kopo. Lilikuwa na joto. Niliweka kiganja chini yake, nikakiondoa haraka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nilipoolewa. Mbona unauliza hivyo? Shuka, utaangusha mbegu."

Nilishuka na mbegu. Kwanza nilihofia nyumba na mama yangu, aliyepika chini ya kopo lile kwa miaka yote hiyo. Nilitaka kulitoa nje saa ile ile, nikalitoa, mama akinishangaa. Baadaye, nikiwa nimesimama kwenye migomba na kopo mikononi, hesabu ilijipanga yenyewe bila kuitwa. Baruti iliyokaa kwenye joto miaka mingi huchakaa, na haichakai kwa usawa. Risasi za chini ya kopo zilikuwa zimegusa bati la moto. Za juu zilikuwa zimefunikwa na hizo za chini. Kopo la tabaka mbili juu ya moto. Nilikuwa nimetumia miaka miwili ya maisha yangu kuandika juu ya jinsi joto linavyopita kwenye tabaka mbili, na sikuwahi kuuliza risasi zinalala wapi.

Baba nilimwambia tu kwamba nimelitoa kopo jikoni kwa kuogopa moto, akanipa ufunguo. Siku ya tatu ya kibali nilizigawa risasi: sita za chini kushoto kwangu, sita za juu kulia. Alhaji alikubali kuja baada ya mimi kumwomba radhi mbele ya wateja wake. Kwenye mita mia tatu zile za juu ziliingia karibu na duara, zimekaribiana. Za chini zilishuka karibu sentimita ishirini na tano, nazo zimekaribiana. Hapakuwa na ngazi tena. Palikuwa na ghorofa mbili. Kwenye mita mia, tofauti kati yao haikuzidi kidole. Kilichobaki kwenye kopo nilikipeleka polisi kwa barua, ili kiteketezwe, nikaomba kununua nyingine.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepata jibu, na jibu liliniondolea lawama, lakini lawama hiyo ilihamia kwa mtu mwingine. Kwa siku nne nilitunga namna ya kumwambia baba. Niliandika hata rasimu. Mwishowe nilimwambia vibaya, kwa pumzi moja, akiwa anaanika kahawa uani.

Aliendelea kusawazisha kahawa kwa kijiti. "Kwa hiyo ni kopo langu."

"Ni joto, tata. Kasi ya risasi za chini ilipungua."

"Mimi nimepiga kwa risasi za kopo hilo miaka thelathini. Nimepoteza mnyama gani?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Nilijua kwa nini, na nilijua kwamba naye anajua. "Kwa sababu ulikuwa unapiga kutoka hatua sitini. Kwa hatua sitini tofauti haionekani."

"Basi kopo lilikuwa langu," alisema, "na umbali ulikuwa wako."

Nilianza kubishana. Nilimwambia kwamba kwa risasi nzuri mita mia mbili na sabini si umbali wa ajabu, kwamba watu wenye vifaa hupiga mbali zaidi, kwamba makosa mawili hayawezi kugawanywa nusu kwa nusu bila kuangalia lipi lilitangulia. Alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri mvua ipite juu ya bati.

"Nipe namba moja," alisema. "Risasi ikiwa mbovu kuliko zote, na wewe hujui kama ni mbovu, ni umbali gani ambao mnyama bado atakufa pale pale?"

"Inategemea, tata. Kuna upepo, kuna mwinamo, kuna—"

"Moja."

Nilikwenda ndani nikakokotoa. Ilinichukua muda mfupi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya mwaka ule, na hilo lilinikera. Nilirudi nikamwambia: mia na ishirini. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nigeuze kahawa upande wa pili wa jamvi. Kuhusu polisi hakusema neno.

Leseni yangu ya uwindaji iliruhusu tohe mmoja, na siku ya mwisho ya msimu ilinikuta kwenye rweya ile ile nikiwa na risasi mpya ambazo nilizihifadhi mwenyewe, kabatini, mahali pakavu na baridi. Dume alikuwepo, kichuguu kikiwa nyuma yake, ametulia. Nilipima: mia na tisini. Nililala chini. Darubini ilitulia, nyasi zilitulia. Nilijua anguko la risasi kwa umbali ule kwa sentimita, na nilijua kwamba risasi niliyotia ndani inakwenda kama ilivyoandikwa, kwa kuwa nilikuwa nimezijaribu kwa idhini mpya. Hakuna hesabu niliyokuwa sijaifanya.

Nilianza kutambaa. Nilitambaa kwa viwiko kwa muda unaotosha kusali rozari nzima, nikapima tena: mia na hamsini. Mbele yangu nyasi zilikuwa fupi, zimeungua, hazifichi hata sungura. Nilisogea hatua moja ya kiwiko. Dume aliinua kichwa, akapiga mluzi ule wao mkali wa puani, akaondoka kwa miruko mirefu bila kugeuka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Njia nzima nilimpiga tohe yule kichwani mwangu, kutoka mia na tisini, kutoka mia na hamsini, na kila mara alianguka pale pale.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Alipokea bunduki, akafungua chemba akahakikisha haina kitu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Umbali?"

"Mia na hamsini. Hapakuwa na pa kujificha zaidi."

"Ungempata?"

"Ningempata, tata."

Alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake yale mabovu, yenye ukungu, yalionekana kunipima vizuri kuliko kifaa changu. "Mwaka jana pia ungeniambia hivyo," alisema. Kisha akanirudishia bunduki, mikono miwili, kitako kikiwa kwangu. "Jumatatu nenda kahuishe leseni."

Nilikwenda. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa kueleza sababu ya kumiliki silaha, nami nilikaa kwenye benchi la ofisi na kalamu mkononi nikitafuta jinsi ya kuingiza pale kopo, uchaga, mita mia na ishirini na yule aliyeingia majini kwa miguu mitatu. Ofisa aliuliza kama nina tatizo la kusoma. Nikaandika neno moja, uwindaji, nikamkabidhi. Sikuridhika nalo.